Hisa nane na neno la mume: uchambuzi wa kisa kimoja cha kikoba mjini Moshi

Kisa hiki kilitokea mbele ya macho yangu, Jumamosi moja ya katikati ya Desemba, katika uwanja wa nyumba moja kule Majengo, Moshi mjini, siku kikoba chetu, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kilipokuwa kinafunga mzunguko. Wahusika wake wawili wameniruhusu kukiandika kwa sharti kwamba nisitaje majina yao wala jina la kikundi. Nimeamua kukiandika kwa kuwa tangu siku ile nimekisikia kikisimuliwa mara kadhaa, hata katika mazungumzo ya kanisani, kana kwamba funzo lake ni kuwa Mkristo akitukanwa anyamaze. Yule mama aliyetukanwa, mhazini wetu, hakunyamaza. Alijibu, tena kwa sauti iliyosikika hadi barazani, na jinsi alivyojibu ndiyo ninayotaka kuichambua.

Msomaji ambaye hajawahi kuwa mwanachama wa kikoba anahitaji kwanza kujua jinsi fedha zetu zinavyotunzwa, maana uzito wa tusi lenyewe umo humo. Tupo wanachama 28, wengi wetu wafanyabiashara wadogo wa masoko ya Mbuyuni na Memorial. Hisa moja ni shilingi 5,000, na katika kikao cha kila wiki mwanachama hununua kuanzia hisa 1 hadi 5. Mhazini hupiga muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, muhuri mmoja kwa kila hisa, na wakati huohuo katibu huandika idadi ileile kwenye leja. Fedha huingia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, ambao mhazini si mmoja wao. Sanduku hulala nyumbani kwa mhazini, funguo hulala kwingine. Mimi nilikuwa mmoja wa washika funguo hao. Mwisho wa mzunguko, mikopo ikiwa imesharejeshwa pamoja na riba yake, sanduku hufunguliwa mbele ya wote na kila mtu hupata mgawo kwa kadiri ya mihuri iliyo kitabuni mwake, na leja hufunguliwa pale tu panapotokea ubishi. Kwetu Kilimanjaro mgawo huangukia Desemba kwa sababu inayojulikana na kila mtu: Krismasi watu wanapanda mlimani kwa wazee, na hakuna anayependa kupanda mikono mitupu.

Mhazini wetu ni mjane wa makamo, muuza ndizi za kupika pale Mbuyuni, ambaye mume wake alifariki miaka mitatu kabla ya kisa hiki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Aliyemtukana ni mwanachama wa umri wa kuweza kuwa binti yake, muuza mitumba wa Memorial, mchapakazi, mtu wa kuweka kumbukumbu zake mwenyewe kwenye karatasi. Karatasi yake ilionesha hisa 148. Kitabu chake kilikuwa na mihuri 140. Alihesabu mara mbili, akasimama, akasema hivi: "Wewe mwanamke ni mwizi. Mume ulimla ukammaliza, sasa umegeukia jasho letu."

Nilisita kuyaandika maneno hayo. Nimeyaandika kwa idhini ya aliyeambiwa, kwa sababu tusi likifichwa hakuna awezaye kulipima jibu lake. Kila mjane wa huku anajua maana ya kuambiwa kwamba alimla mumewe. Si kuitwa mlafi, ni kuitwa mchawi aliyeua, na neno la namna hiyo haliishii kikaoni bali linamfuata mtu sokoni, linawafuata na watoto wake siku za kuposwa. Kuna jambo jingine dogo ambalo asiyekizoea kikundi chetu asingelitambua. Binti yule siku zote alimwita mhazini "mama". Siku hiyo alimwita "wewe mwanamke", na nadhani sisi wengine tulishtushwa na hilo hata kabla maneno yaliyofuata hayajatuingia.

Mhazini alikuwa amesimama kando ya sanduku, kiganja chake cha kulia kikiwa juu ya mfuniko. Niliona vidole vikikaza juu ya lile bati hadi nyama ya chini ya kucha ikawa nyeupe, kisha nikaviona vikilegea, kimoja baada ya kingine. Jikoni nyuma ya nyumba sufuria ya chai ilikuwa inafurika na hakuna aliyekwenda kuiepua. Ndipo akasema: "Mwanangu, hisa zako nane ni haki yako kuziuliza, na haitagawiwa hata shilingi moja mpaka tuzione. Habari ya mume wangu si ya kikao hiki. Mwenyekiti, naomba leja ifunguliwe tangu mwezi wa kwanza."

Ninaamini hekima yote ya kisa hiki imo katika sentensi hizo tatu. Katika tusi lolote la kweli, yaani lile linalouma, mara nyingi hufungwa pamoja vitu viwili ambavyo havina budi kutenganishwa: dai na sumu. Dai hapa lilikuwa hisa nane. Sumu ilikuwa mume. Mwenye hasira huvijibu vyote kwa pamoja, na kwa kawaida huanza na sumu kwa kuwa ndiyo inayochoma, matokeo yake dai hubaki bila jibu na watu huondoka wakisema kwamba alipaza sauti kwa sababu hana la kusema. Mnyamavu naye huviacha vyote viwili, na dai lisilojibiwa huoza likawa uvumi. Mama huyu alilishika dai kwa mikono miwili akalipeleka mezani, na ile sumu akaitaja kwa jina lake, akaiweka kando, akaendelea. Hakujifanya hakuisikia. Kule kusema kwamba habari ile si ya kikao kulikuwa ni kuwaambia watu 27 kwamba ameisikia na kwamba mahali pake pa kujibiwa pangekuwa kwingine.

Wakristo tumezoea kulitazama jambo hili kupitia Mathayo 5:39, neno la kugeuza shavu la pili, na tumelisoma kama amri ya kukaa kimya. Lakini Bwana Yesu anataja shavu la kuume. Mtu anayepiga kwa mkono wa kulia hulifikia shavu hilo kwa nyuma ya kiganja, na kofi la namna hiyo ni la kudhalilisha kuliko la kujeruhi. Ni tusi la mkono. Na kofi lilipomfikia yeye mwenyewe mbele ya kuhani, katika Yohana 18, hakurudisha kofi wala hakunyamaza. Alimwambia yule mtumishi: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Hilo ni ombi la ushahidi, na mantiki yake haina tofauti na ya mwanamke anayeomba leja ifunguliwe. Petro aliandika baadaye kwamba "alipotukanwa, hakurudisha matukano," na maneno hayo mawili, la kutorudisha matukano na la kudai ushahidi, hayapingani hata kidogo.

Sasa niseme kuhusu kile ambacho hakukisema, maana mimi kilinigusa kuliko alichosema. Alikuwa na utetezi mmoja mkubwa, wa kweli, uliokuwa unaning'inia karibu na ulimi wake: kwamba hana ufunguo hata mmoja. "Mimi natunza bati tu, funguo zipo kwa hao watatu." Angesema hivyo asingekuwa amedanganya, na papo hapo macho ya watu wote yangetuhamia sisi washika funguo. Nilimwuliza baadaye kama alilifikiria. Alijibu kwamba lilikuwa la kwanza kumjia, akaliacha kwa sababu lingemwondoa yeye motoni kwa kutuingiza sisi. Tunasema sana juu ya kutorudisha tusi kwa aliyelitoa, lakini hatusemi vya kutosha juu ya kutolisukuma kwa mtu wa tatu, ambalo ndilo jambo waliotukanwa hulifanya mara nyingi zaidi: mume hutukanwa kazini akaja kuitukana nyumba.

Na sisi tuliokuwa pale hatukumsaidia. Mzee mmoja alipiga kelele kwamba binti atolewe nje. Mwenyekiti alishaanza kusoma kifungu cha katiba yetu kuhusu faini ya matusi kikaoni. Mimi nilishafungua mdomo, na neno nililokuwa nalo lilihusu tabia ya binti yule nje ya kikoba, jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote na hisa nane. Ninamshukuru Mungu kwamba mama alinitangulia kusema. Ukisoma 1 Samweli 25 utaona kwamba Daudi alipotukanwa na Nabali kwa maneno matupu, "Daudi ni nani?", aliondoka na watu 400 wenye panga viunoni, na hakuna andiko linalotuambia kwamba hata mmoja kati ya hao 400 alimsihi asubiri. Aliyemzuia alitoka upande wa pili, Abigaili, mke wa mtukanaji mwenyewe, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba siku Daudi atakapokuwa mtawala, damu iliyomwagwa bure isije ikamsumbua moyoni. Wapambe wa mtu aliyetukanwa ni hatari kwake. Wao hawana kidonda, wana hasira tu, na hasira isiyo na kidonda haichoki.

Leja ilipofunguliwa tulipita wiki moja baada ya nyingine, katibu akisoma na binti akifuatisha kwa kidole kwenye karatasi yake. Zoezi lilichukua karibu saa mbili. Tofauti ikapatikana Aprili, katikati ya masika. Jumamosi moja mvua ilitukimbiza barazani, wino wa muhuri ukaingia maji, na mhazini akatuahidi sote kwamba angetupigia mihuri ya siku hiyo wiki inayofuata. Wiki iliyofuata alitupigia, ila binti yule hakuwepo, alikuwa amemtuma jirani na fedha bila kitabu. Hisa 4 za wiki ya kwanza na 4 za wiki ya pili zikaandikwa kwenye leja, fedha zikaingia sandukuni, mihuri haikupigwa kamwe. Kosa lilikuwa la mhazini.

Alisimama akasema: "Kosa ni langu. Niliahidi nikasahau. Naomba radhi kwako na kwa kikao." Hakuongeza neno, wala la mvua.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wakae nami kidogo, maana kisa kingekuwa rahisi kama binti angekuwa amekosea hesabu. Hakukosea. Shilingi 40,000 zake zilikuwa ndani ya sanduku bila mihuri, na kwa kuwa sisi hugawana kwa mihuri, zingegawanywa kwetu sote pasipo mtu kujua. Jasho lake lingeliwa kweli, na walaji tungekuwa sisi. Basi aliyetukana alikuwa na haki ndani ya tusi lake, na kama mhazini angejibu kwa ukali unaostahili yale maneno ya mume, haki hiyo ingezikwa chini ya ugomvi, na yeye angekwenda nyumbani akiwa amemdhulumu mtu huku akijiona ndiye aliyedhulumiwa. "Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake," inasema Mithali 18:13, na mimi nimelisoma andiko hilo miaka mingi nikidhani linahusu mabaraza na mahakama.

Daudi, ambaye kwa Nabali alishindwa, alilifahamu jambo hili uzeeni. Katika 2 Samweli 16 anakimbia kutoka Yerusalemu, na Shimei anamrushia mawe na mavumbi akimwita mtu wa damu. Shimei alikuwa na maana ya damu ya nyumba ya Sauli, na kwa hiyo alikuwa amekosea, kwani Daudi alimwacha Sauli hai mara mbili. Lakini mtu aliyemwua Uria, askari wake mwenyewe, hawezi kuitwa mtu wa damu bila kutetemeka. Tusi lilikuwa la uongo katika lilichokusudia na la kweli katika lilichokigusa. Abishai akaomba ruhusa ya kumkata Shimei kichwa, Daudi akakataa, akisema mtu huyo aachwe, kwa kuwa huenda ni Bwana aliyemwagiza. Alimsikiliza mtukanaji kama mtu asikilizavyo habari inayomhusu.

Sitaki, hata hivyo, mtu amdhanie mhazini wetu kuwa mtu asiye na damu mwilini. Jioni ile tulipomsindikiza alitembea vizuri hadi mlangoni. Ndani, alipoliweka sanduku tupu chini ya kitanda, alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata siku ya mazishi, na alisema maneno juu ya yule binti ambayo sitayaandika. Hasira ilikuwepo yote. Zaburi zimejaa maneno kama hayo yaliyosemwa mbele za Mungu badala ya mbele ya adui, na hata Daudi aliyemwachilia Shimei alimkumbuka tena kitandani pa kufia, katika 1 Wafalme 2, akamwagiza Sulemani asimhesabu kuwa hana hatia. Ninaitaja habari hiyo kwa sababu ni ya kweli na inatisha: mtu anaweza kujibu kwa hekima mbele ya watu na bado sumu ikabaki ndani yake ikisubiri.

Kaka zake walikuja kesho yake wakitaka aende polisi. Kisheria hawakuwa wanaota, kwani kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamtia hatiani anayemtolea mwenzake lugha ya matusi kwa namna inayoweza kuvunja amani. Kwenda huko si dhambi. Paulo mwenyewe alidai haki yake ya uraia na akakata rufani kwa Kaisari. Mama alikataa kwa sababu ya vitendo tu: hakimu angeweza kumtoza binti faini, lakini neno lile lilikuwa ndani ya masikio ya watu wa kikoba, na mahakama isingeweza kulitoa humo.

Jumatatu alikwenda Memorial peke yake, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, akamkuta binti anakunja mashati. Alimwambia: "Lile la hisa nimeomba radhi. Lile la mume wangu limebaki kwako." Binti akajibu, "Nina wateja," akaendelea kukunja. Mama akarudi Mbuyuni kwenye ndizi zake. Watu hupenda kulipita jambo hili haraka wanaposimulia, kwa kuwa halina mafanikio, lakini mimi naliona kuwa gumu kuliko lile la kikaoni: kwenda bila shahidi kwa mtu aliyekudhalilisha mbele ya mashahidi, na kurudi bila kitu, na kutomwambia mtu mpaka alipoulizwa.

Siku chache baada ya Krismasi, mama mkwe wa yule binti alishuka kutoka mlimani na jani la isale mkononi. Wasiotoka huku wafahamu kwamba isale ni mmea uleule tunaoupanda kuwa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na kwamba kwa Wachagga anayekuja nalo anaomba msamaha, na si desturi kulikataa. Mhazini alilipokea. Kisha akasema kwamba amesamehe, ila kuna jambo moja limebaki: neno lilitamkwa mbele ya kikao, naye anaomba litenguliwe mbele ya kikao hichohicho. Walikuwepo waumini wenzangu waliomwona mgumu, wakasema kwamba msamaha wa kweli hauna masharti. Sikubaliani nao. Aliusamehe moyo wa binti pale alipolipokea jani, na jina lake lilikuwa bado limelala kule Majengo. Paulo na Sila walipoachiliwa kimya kimya kutoka gereza la Filipi walikataa kutoka kwa siri, wakataka wakubwa waliowapiga hadharani waje wenyewe kuwatoa, na baada ya hapo waliondoka mjini bila kulipiza chochote. Mjane anayeishi kwa kuaminiwa na wateja wake ana sababu nzito kuliko ya Paulo.

Kikao cha kwanza cha mzunguko mpya kilikuwa Jumamosi ya pili ya Januari. Mhazini alikuwa ameomba mtu mwingine achaguliwe, kikao kikamrudisha kwa kura za kuinua mikono, nami niliuona mkono wa binti ukiwa juu. Kabla sanduku halijafunguliwa, binti alisimama. "Mama," alisema, kisha akakaa kimya kwa muda mrefu kiasi kwamba mwenyekiti alitaka kuendelea na ajenda. "Mama, lile nililosema juu ya baba halikuwa kweli, na nilijua si kweli nilipokuwa nalisema." Mhazini akaitikia kwa kichwa. Tukaingiza funguo zetu tatu, hisa zikaanza kununuliwa, na zamu ya binti ilipofika alitoa 20,000. Mhazini akapiga mihuri minne, akiubonyeza muhuri taratibu kila mara, kisha hakukifunga kitabu kama alivyozoea. Alikigeuza kikiwa wazi na kumsukumia mwenye nacho upande wa pili wa meza, akangoja mpaka alipokwisha kuhesabu.